Marahaba, Umekojoa? Miaka ya Muuguzi Makarius Msimbe kwenye Wodi ya Watoto

Mikumi, Jumapili tarehe 22 Juni 2025.

Naahidi kueleza yote. Sista Agatha, msimamizi wa wodi ya watoto, ndiye aliyeniomba niandike kurasa hizi za ratiba ya sherehe. Aliniambia, "Usitie mambo ya kuogofya, Teresia. Siku hiyo kuna pilau." Nimejaribu kumtii. Lakini kila nilipoiondoa hofu, Mzee Makarius naye aliondoka kwenye karatasi, nikabaki na mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo nimeiacha mahali pake.

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Muuguzi Makarius Msimbe anastaafu baada ya kuwatumikia wagonjwa kwa miaka thelathini na minne. Kati ya miaka hiyo, kumi na tisa ameitumia hapa Hospitali ya Misheni ya Iyovi. Wenzake wangeweza kuandika vizuri kuliko mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, ila Sista alisema wao wamemzoea mno. Mimi ni dada wa mgonjwa. Nimemtazama kama mtu anavyomtazama dereva wakati basi linashuka mlima.

Mzee Makarius alizaliwa Vidunda, katika familia ya wakulima wa migomba na maharage. Anasema alianza kubeba wagonjwa kabla hajajua kuandika jina lake, kwa maana kule mlimani mgonjwa hushushwa kwa machela hadi barabarani, na watoto hupokezana kubeba maji yake ya kunywa. Alipomaliza mafunzo ya uuguzi alipangiwa kazi ya chanjo katika vijiji vya upande wa Ulaya, ile Ulaya ya huku Kilosa na si ya Wazungu, akapewa baiskeli na sanduku la baridi.

Kisa cha sanduku hilo bado kinasimuliwa. Siku moja ya gulio watoto waliliona nyuma ya baiskeli, limefungwa kwa mpira, wakadhani ni muuza barafu. Wakamkimbilia wakipiga kelele, "Kaka barafu! Kaka, na mimi! Kaka, nipimie kubwa!" Naye hakuwakatalia. Aliwapanga foleni nzuri iliyonyooka, wadogo mbele, wakubwa nyuma, kisha akafungua sanduku akatoa sindano. Mama mmoja alicheka mpaka akakalia nyanya zake mwenyewe. Waliotaka kukimbia walidakwa na mama zao, ambao wote walikuwa palepale gulioni, na inasemekana haikuwahi kutokea siku nyingine ambayo watoto wengi kiasi kile walichanjwa kabla jua halijawa kali.

Hapa Iyovi alianzia wodi ya malaria. Baadaye hospitali ikafungua chumba kidogo nyuma ya wodi ya watoto, ili watoto wenye saratani wakishaanzishiwa matibabu Dar es Salaam waweze kumalizia mizunguko yao ya dawa karibu na kwao. Mzee Makarius alipelekwa Dar kujifunza kazi hiyo. Aliporudi alikuwa na begi lake la nguo na katoni la vijiti vya kupimia mkojo, na wodi nzima ikashangaa. Akina mama walinong'onezana kwenye korido, "Jamani, mtoto wa miaka sita anapimwa mimba?" Alilazimika kuwakusanya jikoni na kuwaeleza, naye anakiri kwamba alieleza huku akiwa ameona haya, akiitazama sufuria.

Nami naeleza hapa kama alivyonieleza mimi. Ipo dawa ambayo watoto wengi wa chumba kile hupewa, na dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Mtoto akiwa amekunywa maji ya kutosha, inapita haraka. Mwili ukiwa umekauka, inakaa kwenye kibofu na kukiunguza, mpaka mtoto anaweza kukojoa damu, na figo pia huumia. Kwa sababu hiyo, siku ya kuamkia dawa watoto hunyweshwa maji na uji mwepesi tangu asubuhi hadi kulala. Kukipambazuka, kila mmoja anakojoa kwenye kikombe, na kijiti chenye viraba vya rangi kinachovywa humo. Kiraba kimoja ndicho kinachotazamwa kwanza. Kikigeuka kijani kinachoelekea buluu, mkojo ni mwepesi na dawa inaweza kuanza. Kikibaki njano, maji hayatoshi. Dawa itasubiri, na mtoto atawekewa kwanza dripu ya maji.

Ndiyo maana ukimwamkia Mzee Makarius shikamoo, yeye hujibu, "Marahaba, umekojoa?" Amewajibu hivyo watoto, akina mama, na siku moja, kwa kuzoea, mgeni mheshimiwa aliyekuja kukagua paa. Mgeni yule alifikiri kidogo, akasema, "Bado, mzee."

Sasa nafika mwezi wa Aprili, mahali ambapo Sista Agatha huenda akapitisha kalamu nyekundu.

Mdogo wangu Naomi ana miaka saba, na mwaka huu alivimba taya kwa saratani. Wakati ule alikuwa amekwisha kupata dawa mara kadhaa, na uvimbe ulikuwa umeanza kunywea. Mama alikwenda nyumbani Lumuma kuokoa vitunguu vyetu, ambavyo kule humwagiliwa kwa mifereji, mvua za masika zikakata barabara nyuma yake, akashindwa kurudi. Mimi nilikuwa likizo fupi. Nikabaki na Naomi peke yangu, na siku ya dawa ilikuwa inafuata.

Mtoto anayenyweshwa maji kutwa nzima usiku hulowesha kitanda. Hilo kila mtu mzima wa chumba kile analijua. Naomi hakulijua. Mzunguko uliotangulia alikuwa amelowesha shuka, na Mudi, mvulana wa Ulaya aliyelala kitanda cha dirishani, hakuwa amesahau. Siku ile ya kunywa maji alipaza sauti mbele ya wote:

"Nyie watu wa Lumuma mmezoea mifereji! Sasa hata kitanda umekichimbia mfereji! Si upande vitunguu basi?"

Chumba kizima kilicheka. Naomi aligeukia ukuta. Kuanzia hapo kila kikombe cha maji nilichompa alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante, na nilipogeuka alikimwaga kwenye beseni la kufulia lililokuwa chini ya kitanda cha jirani. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona vikombe vitupu nikamshukuru Mungu.

Jirani yake alikuwa Namelok, msichana wa Kimasai wa miaka kumi, mwembamba na mkarimu. Watoto wa chumba kile hugawana kila kitu. Hugawana uji, peremende, kandambili, na hata kofia za kufunika vichwa visivyo na nywele. Asubuhi Naomi alipoingia nyuma ya pazia na kikombe, akatoka na matone machache tu, alimwambia Namelok kwamba kijiti kitamsema. Namelok akamwambia, "Lete. Mimi ninao mwingi." Akammiminia kikombeni mwake, kama mtu anavyompa jirani chumvi.

Mzee Makarius alikuja na sinia lake. "Shikamoo, babu." "Marahaba, umekojoa?" Naomi akampa kikombe, na kilikuwa bado na joto. Kijiti kikachovywa, na kiraba kikageuka kijani kizuri. "Hongera, binti wa Lumuma," alisema, akaunganisha chupa ya dawa na mrija wa mkononi mwa Naomi. Kidole cha mzee kilikuwa tayari juu ya kigurudumu cha kufungulia dawa.

Ana mchezo mmoja ambao hauachi kabla ya kufungua. "Haya, simba wa Mikumi, toa ulimi nione kama umekula mtalii."

Naomi akatoa ulimi. Ulikuwa mweupe, mkavu, umepasuka kama udongo wa jaruba la mpunga baada ya mavuno.

Kidole cha Mzee Makarius kilibaki pale pale juu ya kigurudumu. Kisha akasema polepole, "Kijiti kinasema mto umefurika. Ulimi unasema kiangazi. Mmoja wao ananidanganya, na leo naona si ulimi."

Namelok alijifunika blanketi hadi kichwani. Sauti ikatoka humo ndani: "Babu, nilimpa kidogo tu."

"Ulimpa nini, mwanangu?"

"Mkojo."

Hata Mudi hakucheka. Mzee Makarius alibana mrija, akaiondoa chupa ya dawa, akairudisha kwenye sinia kama mtu anayeweka yai. Halafu akageuza ndoo, akaikalia.

Dokta Godfrey, daktari wa wodi, alipofika, mzee hakungoja kuulizwa. "Daktari, kidole changu kilikuwa kwenye kigurudumu."

"Lakini hukukizungusha."

"Bado kidogo."

Dokta Godfrey alimshika begani. "Basi tuanze upya, mzee wangu. Maji kwanza. Na mimi nitakaa hapa tusome wote wawili."

Matone ya Naomi mwenyewe yalipopatikana yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Kiraba kilikuwa njano tupu. Akawekewa dripu ya maji, nami nikakaa kando yake nikitazama tone likifuata tone. Lumuma simu hushika mtandao ukipanda kilimani tu. Nilikuwa nikiwaza kwamba kama kigurudumu kile kingezungushwa, ningemwomba nani ampandishe mama kilimani, na akishafika juu ningemwambia nini.

Alasiri Mzee Makarius alikuja akakaa nami. Nilimshukuru kwa kumwokoa mdogo wangu. Akatikisa kichwa.

"Usinitazame hivyo, mwanangu. Leo nimebahatika. Unajua mimi huamka na nini kila siku ya dawa? Huamka na hofu. Nachukua sinia na hofu, naingia na hofu, ndipo nataniana nanyi ili msiione. Miaka yote haijapungua."

Nikamuuliza kama si vibaya muuguzi kuogopa.

"Vibaya ni kuzoea," alisema. "Nikizoea, nifukuzeni."

Hakuruhusu mtu yeyote amgombeze Naomi au Namelok. Alimsogelea Naomi, akamuuliza kwa nini hakunywa maji. Alijibu kwa mnong'ono: "Sitaki kuwa kikojozi."

Hapo Mzee Makarius akasimama katikati ya chumba akatangaza kwa sauti ya mtu anayeita mnada. "Sikilizeni! Kuanzia leo, katika chumba hiki, anayelowesha kitanda usiku wa kuamkia dawa ndiye mshindi. Shuka lake halitafichwa. Litaanikwa uani kama bendera, na jina la kwao litatajwa!" Kisha akamgeukia Mudi. "Na wewe mwenye sauti nzuri, utakuwa mtangazaji."

Asubuhi iliyofuata shuka la Naomi lilikuwa chepechepe. Nilimwona akilishika ncha, akisita. Mudi alisimama mlangoni, akajikohoza, akapaza sauti kweli kweli: "Bendera ya Lumuma inapandaaa!" Akina mama waliokuwa wakifua wakapiga vigelegele. Naomi akatoka uani akiburura shuka lake, akalitupa kwenye kamba, na aliporudi alikuwa ameanza kucheka. Kijiti chake, mbele ya macho ya Mzee Makarius na Dokta Godfrey, kilikuwa kijani. Ulimi ulikuwa na mate. Dawa ikafunguliwa, ikapita salama.

Mchezo wa bendera umeendelea hadi leo. Wiki iliyofuata shuka la Mudi lilibaki kavu, na Naomi hakumwachia. "Vipi, Ulaya kuna ukame? Tuwaletee mfereji?" Mudi akaomba jagi la maji, akalimaliza lote akiwa amekasirika.

Sapit, baba yake Namelok, alipokuja kutoka malishoni na kusikia yote, alisema, "Kwetu ng'ombe tunamjua kwa mkojo. Akikojoa vibaya humpi kitu mpaka umempeleka mtoni. Huyu mzee ni mfugaji. Nampa ndama." Mzee Makarius alishukuru, akajitetea kwamba ndama hawezi kupanda mlima wa Vidunda. Sapit akampima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu. "Ndama atapanda," alisema. "Mwenye mashaka ni wewe."

Sista Agatha angependa nitaje na mafanikio mengine, nayo ni mengi. Mzee Makarius ndiye aliyeomba choo cha watoto kijengwe karibu na wodi, kikajengwa. Amewafundisha wauguzi vijana wasiohesabika, baadhi yao leo ni wakubwa zake. Tangu ile siku ya Aprili, yeye na Dokta Godfrey wameweka utaratibu kwamba mtu mzima asimame nje ya pazia mtoto anapokojoa, na kwamba macho ya watu wawili yasome kijiti kabla dawa haijaunganishwa. Amekuwa mwanakwaya wa sauti ya nne ambaye, kwa maelezo ya wenzake, huimba kwa moyo wote na kwa noti zake mwenyewe.

Tunakushukuru, Mzee Makarius. Tunakushukuru sisi tuliolala kwenye mikeka chini ya vitanda vya wadogo zetu, tukasikia viatu vyako koridoni na kujua kwamba kumekucha. Mama yangu, ambaye maneno si kazi yake, amesema atakuletea vitunguu, wala usimwambie kwamba vimetosha. Nenda salama kwenu Vidunda. Migomba yako izae mikungu ya kuinamisha shina, magoti yako yaupende mlima kama zamani, na asubuhi ukiamka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, usiwe na sababu ya kumuuliza mtu yeyote kama amekojoa.

Hapo ndipo wasifu mwema unapoishia, na mwalimu wangu wa Kiswahili angeniambia niweke nukta. Lakini niliahidi kueleza yote.

Jumatatu tarehe 30 Juni Naomi anapata dawa yake ya mwisho. Dokta Godfrey amesema mambo yakienda vizuri, hatarudi tena isipokuwa kwa kuchunguzwa. Uvimbe hauonekani kabisa, na amekwisha kuwaahidi watoto wa Lumuma kwamba atacheza rede msimu huu. Mimi sitakuwapo. Jumapili ya tarehe 29 narudi bwenini Kilosa kwa masomo ya ziada, na mama atakuwa naye, lakini mama hajui kusoma rangi za kijiti. Atakayeshika sinia ni Nesi Grace, aliyekuja mwezi wa Mei. Watoto wanampenda. Ana mikono miepesi, na vijiti anavisoma bila kukosea. Juzi nilimwona akimhudumia Mudi. Kijiti kilikuwa kijani, yeye na mwenzake wakakisoma, akatabasamu, akafungua kigurudumu. Ulimi wa Mudi hakuutazama. Mzee Makarius aliutazama baada yake, kimya kimya, akiwa tayari amevaa koti la kwenda nyumbani. Ulikuwa na mate. Hakikutokea chochote, na hakuna mwingine aliyeona.

Babu, najua utaisoma ratiba hii kabla ya sherehe, kwa sababu Sista Agatha amesema utapewa nakala ya kwanza. Basi unijibu kwa kumpa mama ujumbe kabla sijapanda basi Jumapili, hata kwa neno moja. Nesi Grace umemfundisha vijiti, dripu na bendera, na vyote amevishika. Je, umemfundisha na kuogopa?